"Si tayari" iliyosikika "tayari": kisa cha gadi aliyekuwa katikati ya mabehewa

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, kwenye treni ya abiria ya mjini, jioni moja ya masika. Tarehe, namba ya treni, kituo na majina nimeyaondoa, na baadhi ya hesabu za mabehewa nimezibadilisha ili asitambulike mtu. Wahusika wamekubali kisa kitumike kufundishia, kwa sharti moja: nisimwoneshe yeyote kati yao kama mpumbavu. Sharti hilo halikunisumbua. Nilizungumza na kila mmoja peke yake, na kila mmoja alipomaliza kueleza alichosikia na alichoona, nilijikuta nasema moyoni kwamba hata mimi ningefanya vilevile.

Watu wawili wasioonana

Treni za mjini zilipoanza Oktoba 2012, wakazi wa jiji walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hadi leo utamsikia mtu wa Tabata akisema anapanda "treni ya Mwakyembe". Abiria anachokiona ni kichwa, mabehewa na watu waliobanana mlangoni. Kazi yenyewe inafanywa na watu wawili walioachana kwa zaidi ya mita 100, dereva mbele na gadi nyuma, na mara nyingi hawaonani.

Wengi hudhani mkubwa wa treni ni dereva. Kwa utaratibu wa reli, mwenye dhamana ya treni na abiria wake kituoni ni gadi. Yeye ndiye anayeangalia milango, anayepima breki kutokea nyuma, anayepiga filimbi na kuonesha kibendera cha kijani, au taa ya kijani usiku. Dereva akiwa na haraka kiasi gani, asipopata ishara ya gadi haondoki. Na hata gadi akishatoa ishara, treni haiingii kwenye kipande cha njia kinachofuata bila ruhusa ya Kontroli, yaani ofisi inayoongoza treni zote za njia hiyo, kwa sababu njia ni moja na treni nyingine inaweza kuwa inakuja upande wa pili. Ndiyo maana dakika 10 za kuganda kituo kimoja huwa nusu saa ya lawama njia nzima.

Sasa breki, kwa sababu bila breki kisa hiki hakieleweki. Treni ya aina hii inafungwa kwa upepo. Kuna bomba moja linalopita chini ya mabehewa yote, na kati ya behewa na behewa limeunganishwa kwa hozi za mpira. Bomba likijaa, bari 5 hivi (bari ni kipimo cha msukumo wa upepo), breki zinaachia. Upepo ukitoka, breki zinafunga. Yaani treni ikikatika katikati, au hozi ikichomoka, mabehewa hujifunga yenyewe bila kuambiwa na mtu. Kila mwisho wa behewa kuna koki ya kufunga bomba. Ukizifunga koki mbili zinazotazamana, unaweza kufungua hozi ya katikati bila kumwaga upepo wa treni nzima. Lakini koki zikiwa zimefungwa, dereva anabaki anatawala breki za mabehewa ya mbele tu, na geji yake inasoma upepo wa mbele tu. Sentensi hii ya mwisho ishike, tutairudia.

Jioni yenyewe

Saa 12 na dakika chache treni yenye mabehewa 8 ilisimama kwenye kituo kilicho kwenye kona. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi, watu wamejaa hadi ngazini, wengine wamekatiza reli na ndoo na mabeseni kama ilivyo kawaida. Kwa sababu ya kona na umati, kutoka mbele huwezi kuona behewa la mwisho. Mawasiliano yakabaki kwa redio ya upepo, ile ya mkononi ya kubonyeza ndipo useme.

Kabla ya kuondoka dereva aliona geji inashuka.

"Gadi, upepo unashuka huku. Niko nne kasoro. Hebu kaangalie."

"Sawa mzee, naenda."

Dereva ana umri wa kumzaa gadi. Kila asubuhi gadi humwamkia shikamoo, naye humjibu "marahaba dogo". Kituoni ni mzee na dogo, redioni ni mzee na dogo.

Gadi alitembea kando ya treni akisikiliza. Kati ya behewa la 4 na la 5 akasikia mlio wa upepo unaovuja kwenye maungio ya hozi. Ule mpira wa ndani ulikuwa umekatika. Mpira wa akiba alikuwa nao mfukoni. Akasema redioni, "Mzee, nimeiona, hozi ya nne na tano, naingia." Redio ilikuwa inakwaruza. Dereva alisikia "nimeiona, hozi ya nne na tano", akajibu "haya". Gadi alichukua ile "haya" kuwa jibu la "naingia". Akainama, akaingia katikati.

Muda huohuo Kontroli wakaita: mbona mmeganda hapo, mwenzenu anasubiri njia. Dereva akajibu kuna hozi, gadi anaishughulikia, dakika mbili. Gadi naye akalalamika kidogo kwamba "upepo unakatikakatika", akimaanisha redio.

Gadi akafunga koki zote mbili. Alifanya sawasawa kabisa, ndivyo kazi inavyofanywa. Lakini mbele, kompresa, mashine ya kujaza upepo, ilikuwa bado inasukuma, na tundu lililokuwa linavuja sasa liko upande wa pili wa koki. Geji ya dereva ikapanda: nne, nne na nusu, tano. Kwa macho yake hozi imepona.

"Dogo, upepo umerudi."

Gadi, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akilalamikia redio, akaelewa kwamba redio imerudi. "Ndiyo mzee, nakupata."

"Kwa hiyo tayari?"

Gadi alikuwa amechuchumaa, mikono ina grisi, redio ameichomeka kwenye koti la kuakisi mwanga. Alibonyeza kitufe kwa kifundo cha mkono huku akianza kusema palepale. Alisema: "Si tayari mzee." Iliyofika kichwani kwa treni ni: "...tayari mzee."

Upande wa pili wa reli mlinzi mmoja alikuwa akifukuza watu waliosimama karibu na njia. Akapuliza filimbi.

Dereva akapiga honi, akaachia breki ya injini, akavuta notchi ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya nguvu ya injini.

Sekunde chache

Gadi anasema honi ndiyo iliyomtoa. Hakufikiri, alijirusha nje kuelekea kwenye kokoto, mkono wa kulia ukiwa wa mwisho kutoka. Mabehewa manne ya mbele yalisogea, yakanyoosha maungio, yakakutana na mabehewa manne ya nyuma ambayo yalikuwa yamejifunga, kwa sababu upepo wake ulishashuka kabla koki hazijafungwa. Dereva akahisi treni nzito, "kama imefungwa kamba kwenye mbuyu", ndivyo alivyoniambia. Akafunga breki. Treni ilikuwa imesogea pungufu ya mita 2.

Abiria walioona walianza kugonga ubavu wa behewa kwa viganja. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu kugonga huko dereva angekuelewa vipi kama angekusikia. Nusu ya darasa hujibu "simama", nusu nyingine hujibu "twende", kwa sababu ndivyo konda wa daladala anavyomruhusu dereva wake. Hakukusikia, na pengine ni bora.

Dereva alishuka, akatembea hadi behewa la 4. Alimkuta gadi amekaa kwenye kokoto ameshika kifundo cha mkono.

"Dogo, ulikuwa wapi?"

"Katikati, mzee."

Wote wawili wameniambia kwamba baada ya hapo hawakusema kitu kwa muda. Dereva alivua kofia.

Maamuzi baada ya hapo

Hapa pana maamuzi matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni la dereva. Alirudi kichwani, akafunga breki zote kikamilifu, akachomoa ule mkono wa kuchagulia mbele na nyuma, akarudi nao hadi kwa gadi na kumkabidhi. Bila mkono ule injini haivuti, hata angekaa nani kwenye kiti. Ndipo gadi akaingia tena na kumaliza kazi iliyobaki, ambayo haikufika dakika tatu. Hilo lilitakiwa kufanyika mwanzo. Nilimuuliza kwa nini halikufanyika. Jibu lake: "Mwanzo nilijua anaenda kuangalia. Sikujua anaenda kutengeneza."

La pili ni la gadi. Kontroli, wakiwa bado hawajui kilichotokea, waliuliza kama treni inaweza kujikokota hivyohivyo hadi kituo kinachofuata, koki zikiwa zimefungwa, ili njia ifunguke. Gadi alikataa. Sababu yake ni ile sentensi niliyosema muishike: mabehewa manne ya nyuma yasingemtii dereva. Ukitaka yatembee lazima uyaachie breki kwa mkono, na ukishayaachia huna cha kuyazuia. Nchi hii ina kumbukumbu yake ya treni isiyozuilika. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Gadi wetu alikuwa mtoto wakati ule. Alisema mwalimu wake wa breki alianza somo la kwanza kwa tarehe hiyo. Kwa hiyo walipima breki upya: dereva anapunguza upepo, gadi akiwa behewa la mwisho anaangalia geji yake inashuka, dereva anajaza, gadi anaona inapanda. Kama geji ya nyuma haiitikii ya mbele, kuna koki imefungwa mahali.

La tatu ni la wote wawili: walitoa taarifa kamili. Wangeweza kuandika "hozi ilibadilishwa, treni imechelewa". Hakuna aliyeumia sana, hakuna kilichovunjika. Dereva ndiye aliyesisitiza waandike kwamba treni ilisogea mtu akiwa katikati.

Matokeo

Treni iliondoka ikiwa imechelewa dakika 41. Gadi aliteguka kifundo cha mkono na kuchubuka kiwiko, akapumzika siku chache. Ofisi ilianza kwa kumwandikia barua ya kujieleza, yeye, si dereva wala Kontroli, kwa kosa la "kuingia katikati ya mabehewa bila ridhaa ya dereva". Barua hiyo ilifutwa baadaye, baada ya kikao, lakini wiki mbili kabla haijafutwa kila gadi wa njia ile alikuwa ameshapata ujumbe: ukisema ukweli unaandikiwa. Katika mambo yote yaliyokwenda vibaya, hili ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kurekebishwa, na sina hakika kama limekwisha.

Uchambuzi: kiambishi kinachomezwa

Nianze na redio, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukiona.

Redio ya upepo ya mkononi haifungui njia papo hapo. Unabonyeza, kinapita kipande kidogo cha sekunde, ndipo sauti inaanza kwenda. Ukisema kabla ya hapo, mwanzo wa neno lako unabaki kwako. Watumiaji wa redio duniani kote wanalijua hilo. Tofauti ni kwamba sisi Waswahili tunaweka ukanushi mwanzoni kabisa. Si tayari. Hatujamaliza. Sijatoka. Meza silabi ya kwanza au ya pili, kinachobaki ni kauli timilifu au kitu kinachofanana nayo: tayari, ...jamaliza, ...jatoka. Na anayesikiliza kwenye mkwaruzo, huku anasubiri kusikia "tayari", ubongo wake hujaza pengo kwa anachokitaka. Kauli zetu za kukataa ndizo hatari zaidi kwa redio hizi.

Tunalo neno linalokataa na lisilokatika vibaya: *bado*. Ukilimeza mwanzo inabaki "...do", ambayo haifanani na ruhusa yoyote. Lirudie mara mbili, "bado, bado", na hata redio mbovu kiasi gani haiwezi kuligeuza likubali. Mabaharia, makuli, mafundi wa winchi, wote hutumia "bado" kwa silika. Kwenye mafunzo rasmi tulikuwa tumewafundisha watu wetu kujibu kwa sentensi kamili na za heshima. Tulikosea.

Pili, swali lenyewe. "Kwa hiyo tayari?" ni swali linalobeba jibu lake. Dereva hakuuliza gadi yuko wapi, wala koki zikoje. Angeuliza "uko wapi?", hakuna silabi yoyote ingeweza kumezwa na jibu likabaki kuwa ruhusa.

Tatu, neno la kuondokea. Machi 27, 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye barabara ya kurukia, watu 583 wakafa. Rubani wa ndege moja aliposema anaruka, mnara wa kuongozea ndege ulijibu "OK" kisha ukaendelea na maneno ambayo, kwa kuingiliana na redio ya ndege nyingine, hayakusikika vizuri. Tangu hapo, katika mawasiliano ya ndege neno la kuruka linatunzwa: halitamkwi hadi ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na kabla ya hapo husemwa "kuondoka" tu. Sisi tulikuwa na "tayari" inayomaanisha nimemaliza, nipo, nimekusikia, milango imefungwa, na twende. Neno moja lenye kazi tano haliwezi kubeba uhai wa mtu.

Na "upepo". Huu ndio mkanganyiko ulionichekesha kwanza, halafu ukaninyima usingizi. Breki ni za upepo, redio ni ya upepo. Miaka yote watu wamesema "upepo umekata" na kuelewana, kwa sababu muktadha ulisaidia. Jioni ile vyote viwili vilikuwa vinasumbua kwa wakati mmoja.

Filimbi ya mlinzi naiweka hapa kwa ufupi. Dar kila mtu ana filimbi: trafiki, mlinzi, refa wa chandimu. Ishara ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua Kariakoo haiwezi kuwa ruhusa peke yake, na kwa utaratibu haikuwa. Lakini ilifika mara tu baada ya "tayari", na vitu viwili vikigongana hivyo mtu huacha kutafuta cha tatu.

Kuna jambo lingine ambalo kikaoni hakuna aliyetaka kuliongea. Gadi alisikia "haya" na hakuomba irudiwe. Nilimuuliza kwa nini hakusema, "Mzee, rudia nilichokuambia." Alinyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, wewe ungemwambia baba yako rudia nilichokuambia?" Heshima yetu ni nzuri na sitaki ife. Ila mtu mdogo hawezi kumtaka mkubwa akariri maneno yake kama mwanafunzi, isipokuwa utaratibu uwe umemlazimisha mkubwa kuanza mwenyewe.

Kilichobadilishwa, na kilichogoma

Walichoamua kwenye kikao ni kidogo. Dereva ndiye anayerudia ujumbe wa gadi bila kuombwa, neno kwa neno, na gadi anajibu "ndivyo" au "bado". "Ondoka" linatumiwa na gadi tu, na mara moja tu kwa kila kituo. Upepo wa breki unaitwa "bomba", wa redio unaitwa "redio". Unabonyeza, unahesabu moja kimoyomoyo, ndipo unasema. Na hakuna anayeingia katikati ya mabehewa bila kuwa na ule mkono wa dereva mfukoni mwake.

Kurudia ujumbe kulishika, kwa sababu madereva wazee walilichukua kama heshima yao: mkubwa ndiye anayeanza. "Bomba" lilishika haraka kuliko nilivyotarajia, likazaa hata utani. "Ondoka" lilishika nusunusu. Jioni za msongamano bado unasikia "haya twende". Kuhesabu moja kulikufa ndani ya mwezi. Nadhani tulitegemea tabia pale tulipohitaji kifaa. Redio zenye mlio mfupi wa kukuambia njia imefunguka zipo, na zimeombwa.

Mkono wa dereva ndio uliosimama imara. Si neno, hakuna silabi ya kumeza, na dereva asiye nao hana cha kuelewa vibaya. Una uzito wake. Gadi wetu alikuwa akiutia mfuko wa suruali, ukamtoboa suruali mbili. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ameshonewa na fundi wa mtaani kwake mfuko wa turubai kwenye mkanda, na gadi wawili wengine walikuwa wanauliza fundi anakaa wapi.